Maswali ya Wasomaji: Jina Kwenye Dumu la Alizeti

Swali: Nakamua alizeti hapa Kibaigwa. Nilichapisha lebo nzuri, mauzo yakapanda miezi miwili, kisha yakashuka. Wateja wanalalamika kuwa mafuta yanafanya ukungu na "siyo yale ya mwanzo". Nibadilishe lebo? – Mkamuaji, Kibaigwa

Jibu: Lebo iache. Ukungu huo ni nta ya maganda ya mbegu, ambayo hujitenga mafuta yakipoa, na usiku wa Juni na Julai huko kwenu unatosha kabisa. Mafuta hayajaharibika, lakini mteja hajui hilo. Kosa la wengi ni kuchuja mafuta yakiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine: nta imeyeyuka, inapita kitambaani. Yaache yatulie siku tatu au zaidi kwenye tangi lenye mfuniko, mahali penye ubaridi. Bomba la kutolea liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili masimbi yabaki chini, ndipo uchuje. Nta haitaisha yote bila mtambo wa kupozea, kwa hiyo andika kwenye lebo kwamba yakipata baridi huweza kuganda kidogo na yakipata joto hurudi.

"Siyo yale ya mwanzo" ni shauri la mbegu na dumu. Mbegu yenye unyevu hutoa mafuta yanayochacha upesi. Ianike hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 9. Madumu yaliyokwishatumika yaache kabisa. Utando wa mafuta ya zamani ulioganda ndani huyachachisha mapya, hata uoshe vipi. Na muuzaji wako wa barabarani asiyapange juani, maana mwanga na joto huyamaliza.

Kila mkamuo upe namba, uiandike kwenye dumu, na uhifadhi chupa moja kabatini gizani. Lalamiko likija, fungua chupa ya namba hiyo ulinganishe. Pima pia ujazo kwa mizani: lita 5 za alizeti zina takriban kilo 4.6, mbali na dumu lenyewe.

Swali: Mwenzangu sokoni Majengo anauza kwa jina langu, nami nina cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Nifanyeje? – Mama wa Majengo

Jibu: Kwanza soma cheti chako. Kama ni cha jina la biashara, kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Kinachompa mtu haki ya jina lililo kwenye bidhaa ni alama ya biashara, nayo huombwa peke yake BRELA hiyohiyo. Katika orodha ya bidhaa inayotumika kusajili alama, mafuta ya kula yako daraja la 29. Ikisajiliwa hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar husajiliwa kivyake. Ila kama jina lako ni "Alizeti Safi" au "Mafuta ya Dodoma", jiandae kukataliwa, kwa kuwa hayo ni maneno ya kila mkamuaji. Tafuta jina lisiloieleza bidhaa.

Swali: Wenzangu wote wameandika "Hayana lehemu" (kolesteroli). Nami niandike? – Msomaji, Manyoni

Jibu: Hakuna mafuta ya mbegu yenye lehemu ya kuhesabika, ya kwako wala ya jirani. Ni sawa na kuandika kwenye chumvi kwamba haina mifupa. Nafasi hiyo weka mwezi wa kukamuliwa na namba ya mkamuo. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, isubiri hadi upewe leseni yake. Kuiomba, mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho.