Barua kwa mwanangu: kiti ni cha kuazimwa

Mwanangu,

Umeniuliza kama Warumi 13 inamkataza Mkristo kuandamana, maana Paulo anasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Tangu Jumapili nafungua Warumi, na kila mara najikuta Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Kwa Nabothi.

Mfalme Ahabu wa Israeli alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi alime bustani ya mboga. Mboga! Nabothi akakataa, urithi wa baba zake hautoki. Yezebeli, mke wa Ahabu, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri, akaagiza watu wa mjini watangaze kufunga. Hapo ndipo hunikwama kooni. Walianza na saumu, ndipo wakaleta mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe.

Nikisoma saumu hiyo nawakumbuka wale akina mama wa Uhuru Park, Nairobi, Februari 1992, waliogoma kula ili wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi, Wangari Maathai, mwanaharakati aliyekuwa nao, akapigwa hadi akazirai. Akina mama wengine wakavua nguo mbele ya vijana wale wa polisi, na unajua kwetu mama akikuvulia nguo amekulaani. Bado naumia. Wakahamia kanisani, All Saints. Shosho yako akawapelekea blanketi, mimi ndiye niliyebeba. Mama mmoja alilipokea lake, akalikunja upya ukingo kwa ukingo, taratibu, akaniambia hatoki pale bila mwanawe. Mapema 1993 wengi wa wale wana waliachiliwa. Shosho alipiga vigelegele jikoni hadi majirani wakaja mbio!

Nimekuambia tangu utotoni: kiti ni cha kuazimwa. Danieli alilisema, Mungu huwauzulu wafalme na kuwatawaza wengine. Na huyo Paulo wako anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bwana wake.

Lakini Nabothi hakurudishiwa shamba. Ahabu alipovaa gunia na kufunga kwa toba, Mungu akaahirisha mabaya aliyomtangazia mpaka siku za mwanawe. Na Nabothi je? Najijibu kwamba Ahabu mwenyewe alifia vitani Ramoth-gileadi, amejibadilisha asijulikane, kwa mshale uliopigwa kwa kubahatisha. Mungu alimjua. Kisha nasoma Wafalme wa Pili, inataja damu ya wana wa Nabothi pia, najiuliza nani aliwalilia watoto hao. Sijaacha kumuuliza Mungu hilo, na sijaacha kuamini kwamba kiti ni cha kuazimwa.

Usinitake nikuambie nenda au usiende. Ninalo la kusema, ulimi unaniwasha, ila wewe ni mtu mzima na dhamiri ni yako. Ukienda, vaa raba, beba kitambulisho, na mpigie baba yako kabla hujatoka nyumbani, asije akayasikia kwenye redio.

Mama