Kona ya Redio na Programu Huria: Maswali Yenu Yajibiwa

Wahariri, habari za kazi. Nilinunua kipokezi cha redio cha USB cha RTL-SDR pale barabara ya Luthuli, nikakichomeka kwenye laptopu yenye Ubuntu. Gqrx, programu ya kusikilizia redio, inakataa kuanza, na kwenye dirisha la amri naandikiwa "usb_claim_interface error -6". Je, niliuziwa kibovu?
*Msomaji, Umoja*

Usikirudishe dukani bado, ndugu. Ujumbe huo unasema kuna mwingine aliyekishika kifaa kabla yako, na huyo mwingine ni Linux yenyewe, mfumo ulio ndani ya Ubuntu yako. Chipu ya RTL2832U iliyomo ndani ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya DVB-T. Kwetu Kenya televisheni inarushwa kwa DVB-T2, mfumo mpya zaidi, kwa hiyo kwa kazi hiyo haikufai hata kidogo, lakini Linux haijui hilo: inakiona kipokezi cha TV na kukipakia draiva ya TV. Matumizi tunayoyapenda sisi yalikuja mwaka 2012, waandishi wa programu huria walipogundua kwamba chipu hiyo inaweza kutoa mawimbi mabichi, kompyuta ikayachambua yenyewe.

Izuie draiva hiyo kwa mstari mmoja:

`echo 'blacklist dvb_usb_rtl28xxu' | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl.conf`

Zima na uwashe kompyuta, kisha andika `rtl_test`. Ukiona jina la R820T au R828D, yaani chipu ya kuchagua masafa, kifaa ni kizima. Kikiendelea kuandika "lost at least" na idadi ya baiti mara kwa mara, kichomoe kwenye habu ya USB ukichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, na ushushe kasi ya sampuli (mara ambazo kifaa hupima mawimbi) hadi milioni 2.4 kwa sekunde au chini yake. Kama chako ni toleo la V4, draiva za zamani hazilielewi vizuri: Gqrx itafunguka, lakini stesheni hazitakaa mahali pake. Hapo weka draiva mpya za rtl-sdr. Kipimo rahisi cha Nairobi: elekeza kwenye 98.4 MHz, uchague WFM, yaani FM pana ya stesheni za kawaida. Capital FM ikisikika safi, endelea na kazi.

Salaam kwenu. Nimefuata maelekezo ya video ya miaka kadhaa iliyopita ya kupokea picha za hali ya hewa kutoka setilaiti za NOAA za Marekani. Antena nimetengeneza, programu nimeweka, lakini wiki tatu sasa nasikia mvumo mtupu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Ongata Rongai*

Hujakosea. Setilaiti ndizo zilizonyamaza. NOAA-15, 18 na 19 zilistaafishwa kati ya Juni na Agosti 2025, na video nyingi zilirekodiwa kabla ya hapo. Sasa tunapokea Meteor-M N2-3 na N2-4 za Urusi, kwenye 137.9 MHz au 137.1 MHz. Picha zake ni za kidijitali na kali zaidi. Ila NOAA ilikuwa inakupa picha yenye michirizi hata mawimbi yakiwa hafifu, na Meteor haina huruma hiyo: yakishuka chini ya kiwango fulani, hupati kitu. Ndiyo maana antena inastahili muda wako kuliko kitu kingine chochote hapa.

Huenda antena uliyonayo inafaa, lakini ilinganishe na hii. Chukua waya wa shaba wa single wa milimita za mraba 2.5 ambao mafundi wa stima hutandaza majumbani, na konekta ya plastiki yenye skrubu mbili. Kata vipande viwili, kila kimoja kibaki sentimita 53.4 kutoka kwenye skrubu hadi nchani. Hesabu pia kile kinachoingia ndani ya konekta, maana wengi hukisahau. Upande wa pili wa konekta funga kebo: kiini kwenye skrubu moja, wavu wa nje kwenye nyingine, na hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa wavu unaogusa kiini. Tandaza vipande hivyo viwe V ya nyuzi 120, imelala mlalo, mdomo wake ukielekea kaskazini au kusini. Waya huu hulegea kwenye jua, kwa hiyo ufunge kwa tepu juu ya fito za mbao.

Kisha kimo. Nyumba nyingi za Rongai zina paa la mabati, na bati huakisi mawimbi kama kioo. Antena ikikaa sentimita 55 hivi juu ya bati, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi, lile linaloakisiwa linajumlika na lile linalokuja moja kwa moja. Ukiinua hadi mita moja na sentimita tisa, mawili hayo yanauana setilaiti ikiwa utosini, yaani pale pale ambapo ilipaswa kusikika vizuri kuliko wakati wote. Watu hupandisha antena juu wakidhani wanaisaidia. Juu ya bati, ishushe.

Kwa ratiba tumia Gpredict, programu ya kutabiri setilaiti inapita lini, na uifanye ipakue takwimu mpya za mizunguko kila wiki. Angalia saa kwa makini: ikikuonyesha 04:12 UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza tatu upate 07:12, yaani saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Chagua mapito yanayopanda zaidi ya nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata mapito machache kuliko watu wa Ulaya ya kaskazini, kwa hiyo usikose lile zuri.

Kwenye SatDump, programu ya kugeuza mawimbi kuwa picha, fungua Recorder, weka 137.9 MHz na kasi ya sampuli milioni 1.024, kisha uchague METEOR M2-x LRPT 72k. Anza dakika moja kabla setilaiti haijachomoza. Subiri neno SYNCED. Likishika, mistari ya picha inaanza kujengeka, na kwenye pito la asubuhi lenye anga safi utaiona pwani yetu na Ziwa Victoria vikijitokeza taratibu. Lisiposhika, punguza gaini (kiasi cha kukuza mawimbi) kabla ya kuiongeza. Jiji hili limejaa minara ya FM yenye nguvu, na kipokezi cha biti 8 huzidiwa upesi. Dalili yake ni hii: ukiongeza gaini mvumo wote unapanda, au unasikia muziki kwenye 137 MHz mahali ambapo hapana stesheni. Anza na 30 dB. Muziki ukibaki, nunua kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz ukiweke kati ya antena na kipokezi. Zima pia chaja za bei rahisi na balbu za LED zilizo karibu wakati wa pito.

Naomba msaada. Napokea ishara za ndege za 1090 MHz kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo. Antena iko juu ya paa la ghorofa ya nne, kebo ya RG-58 inashuka mita 10 hadi chumbani. Naona ndege za karibu tu. Ninunue amplifaya?
*Msomaji, South B*

Amplifaya huko chini itakuza ishara pamoja na kelele. Tatizo lako ni kebo. Kwa masafa hayo RG-58 inapoteza zaidi ya nusu desibeli kwa kila mita, kwa hiyo kwenye mita 10 karibu asilimia 70 ya nguvu inaishia njiani. Kebo ya RG-6 ya mafundi wa dishi inapoteza takriban desibeli 2 kwa urefu huo huo. Ni ya omu 75, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kukunyima usingizi. Utahitaji adapta ya F kwenda SMA.

Njia bora zaidi: weka Pi na kipokezi ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, chini ya antena, na ushushe waya wa mtandao badala ya kebo ya redio. Ndege iliyo kilomita 10 angani inaweza kuonekana zaidi ya kilomita 350 ukiwa na anga wazi. Zinazotua uwanja wa Wilson zitapotea nyuma ya majengo, na hilo halina dawa.

Kwenye readsb, programu inayosoma ishara za ndege, angalia idadi ya ujumbe wenye nguvu inayozidi -3 dBFS, yaani unaokaribia kukizidi kipokezi. Ikipita asilimia 5 hivi, punguza gaini. Andika pia `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa tofauti na 0x0, mara nyingi chaja au waya wake ni dhaifu, au Pi imepata joto kupita kiasi. Na kwa kuwa stima hupotea bila taarifa, washa overlay (hali ya kutoandika kwenye kadi) kupitia raspi-config ili kadi ya SD isiharibike ikikatika katikati ya kuandikwa.

Nina redio ya Baofeng UV-5R na waya wake wa USB. CHIRP, programu ya kupangia chaneli, inasema redio haijibu. Halafu, naruhusiwa kuongea nayo?
*Msomaji, Kasarani*

Mara nyingi plagi haijazama hadi mwisho kwa sababu ganda la redio linaizuia. Isukume mpaka isikike "tak", na kama haifiki, punguza plastiki ya plagi kidogo kwa kisu. Redio iwe imewashwa. Kwenye Linux jiongeze kwenye kundi la dialout, linaloruhusu kutumia waya huo: `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha toka na uingie tena. Kabla ya kuandika chochote, pakua yaliyomo kwenye redio na uyahifadhi kama faili. Ndiyo njia yako ya kurudi.

Kuongea, bado. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na majina ya wito ya vituo vyetu huanza na 5Z4. Chama cha Amateur Radio Society of Kenya ndicho pa kuulizia kuhusu maandalizi. Redio yako inaweza kurusha hata nje ya 144 hadi 146 MHz, kwenye masafa ya watu wengine walio kazini. Kwa hiyo, kwa kila chaneli ndani ya CHIRP, weka safu ya Duplex kuwa "off". Ukibonyeza kitufe cha kuongea kwa bahati mbaya ukiwa kwenye chaneli hizo, redio haitarusha kitu. Kusikiliza kwenye bendi hiyo kunakutosha kwa sasa: anza na 145.800 MHz, ambako kituo cha anga za juu cha kimataifa husikika kikipita, hasa siku kinapozungumza na wanafunzi.