Spika ya kupinga kelele na kuta za jirani

SWALI: Jenereta letu la dizeli (silinda 4, mizunguko 1500 kwa dakika) liko mita 1 kutoka ukuta wa nyumba. Nusu mita pembeni ya mdomo wa bomba la moshi, sambamba na ukuta, tumeweka spika ya kupinga mvumo, inayotoa sauti iliyo kinyume ili kuufuta. Maikrofoni ya kusahihisha, inayokiambia kidhibiti cha spika ni mvumo kiasi gani umebaki, iko mita 1.7 mbele ya ukuta wa jirani, mita 10 upande wa pili. Kidhibiti kinaonyesha kelele imeshuka, lakini jirani bado halali. Tatizo liko wapi? – Msomaji, Tabata

JIBU: Maikrofoni imewekwa mahali pabaya kuliko pote. Injini hiyo huvuma kwa Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na kwenye joto la Dar wimbi lake lina urefu wa mita 7 hivi. Robo ya wimbi kutoka ukuta mgumu, yaani mita 1.75, sauti inayorudi hupingana na ile inayokuja. Maikrofoni inasikia kidogo, na kidhibiti kinaridhika mapema, huku mvumo ukiwa mkubwa pale pale ukutani kwenye dirisha la jirani. Ibandike ukutani, karibu na dirisha hilo.

Kisha hamisha spika. Iweke kati ya mdomo wa bomba na ukuta wa nyumba, nusu mita kutoka kila upande, kwa kimo kile kile cha mdomo. Spika, bomba na ukuta vikiwa kwenye mstari mmoja, ukuta unakusaidia: kwa hesabu, bila kuhusisha sakafu, sauti inayosambaa inaweza kupungua kwa desibeli 20 hivi. Mlivyoweka sasa, kikomo ni kama 11. Ikinge spika na moshi na joto.

Baada ya kuhamisha, zima jenereta, piga mvumo wa majaribio kwenye spika, uache kidhibiti kijifunze upya njia ya sauti hadi kwenye maikrofoni. Hatua hii wengi huiruka. Njia kiliyojifunza ikikosea fezi (wimbi limefikia wapi katika kupanda na kushuka kwake) kwa zaidi ya nyuzi 90, spika itaongeza kelele badala ya kuipunguza, hadi ingurume. Lori likiegeshwa uani au geti la bati likifunguliwa, njia hubadilika pia. Kifundishe kidhibiti upya katika hali zote mbili, uchague mipangilio inayovumilia mabadiliko hayo.

SWALI: Je, nibandike sponji ya sentimita 5 ukutani?

JIBU: Kwa Hz 50 haisaidii, ni nyembamba mno kwa wimbi la mita 7. Itapunguza milio ya juu tu.