Utafiti Bengaluru: benki au nyumba kwanza?

Ndugu, kwa miezi kumi ya viza ya utafiti, akaunti ya benki na nyumba ya kupanga vyote vitasubiri usajili wa FRRO, ofisi ya serikali ya India inayosajili wageni. Viza ikizidi siku 180, una siku 14 za kujisajili tangu uingie India. Soma pia maelezo yaliyochapwa kwenye viza yenyewe. Maombi ni mtandaoni, kwenye tovuti ya e-FRRO: pasipoti, viza, picha, barua ya chuo, uthibitisho wa makazi. Hapo kwenye makazi ndipo wengi hukwama. Mwenye nyumba anatakiwa kukuripoti FRRO ndani ya saa 24 tangu ufike kwake, kwa fomu ya kuripoti mgeni (iliyojulikana kama Fomu C). Akisitasita, usimpe amana. Fikia kwanza nyumba ya wageni ya chuo, wao wamezoea kuripoti wageni. Laini ya simu ifuate, maana benki hutuma msimbo kwenye namba ya India. Siku zikipita hujasajiliwa kuna faini, basi wahi ofisi ya wageni chuoni.