Nyumba ya Syokimau: Pima Maji Kabla ya Kupima Sebule

Ndugu msomaji uliyeniuliza juzi kama ulipie amana ya ile nyumba ya vyumba vinne kule Katani Road, Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, jibu langu ni chupa safi ya lita moja. Nenda nayo kwenye hiyo nyumba, fungulia mfereji wa jikoni, ijaze, kisha uipeleke maabara ya maji. Mambo ya geti, kabati za jikoni na maegesho ya magari mawili yatangoja.

Omba vipimo viwili: floridi na jumla ya chumvi iliyoyeyuka. Mitaa mingi ya upande huu hutegemea visima virefu, na ukanda huu hadi Athi River una floridi nyingi chini ya ardhi kwa sababu ya miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo, meno ya kudumu ya watoto, ambayo hujengeka ndani ya fizi hadi karibu miaka 8, huweza kuota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Wazazi wengi huchemsha maji wakidhani wamejikinga. La hasha! Maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki, hivyo kila lita inayobaki huwa nayo zaidi. Kichujio cha mkaa wa kawaida hakiiondoi pia. Kinachoiondoa vizuri ni mtambo wa utando, ule unaoitwa RO, ufungwe chini ya sinki kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Vichujio vyake vya awali hubadilishwa kama kila miezi 6, na utando baada ya miaka 2 au 3. Mtambo huo humwaga maji mengi kuliko yale unayosafisha. Elekeza yale ya kumwagwa kwenye ndoo ya choo.

Chumvi ina gharama zake. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ambayo koili yake iko wazi ndani ya maji huweza kumrusha mtu kwa umeme, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Nunua ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake ikiwa imefunikwa, na fundi aunganishe waya wa ardhi. Mwenye nyumba akikuambia waya wa ardhi si lazima, usikubali. Hapo ni roho ya mtu.

Sasa wingi. Watu 5 wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku ni lita 500, kwa hiyo boza, yaani gari la kuleta maji, la lita 10,000 litakufikisha siku 20, bila kuosha magari wala kumwagilia nyasi. Tangi la chini liweze kupokea boza zima. Ukiwa na la lita 5,000, utalipia gari zima na nusu ya maji yatabaki kwenye boza. Juu weka tangi la lita 1,500 au 2,000, kwani stima ikipotea pampu haisukumi kitu. Tangi likiwa mita 3 tu juu ya bafu, msukumo wake ni kama 0.3 ya bar (kipimo cha msukumo), yaani maji yanashuka kwa unyonge. Pandisha mnara. Na pampu ifungwe boya la kuizima tangi la chini linapokauka. Ikizunguka bila maji, sili yake ya kuzuia uvujaji huungua.

Majitaka hayapewi nafasi katika picha za matangazo. Udongo mweusi wa pamba wa huku hauchuji maji, na chini yake mara nyingi ni mwamba, kwa hiyo shimo la kufyonza hujaa haraka. Tembelea nyumba baada ya mvua kubwa ya Aprili na ufunuliwe kifuniko cha tangi la majitaka. Likiwa limefurika, utaishi kwa kuita gari la kunyonya. Udongo huohuo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Tazama nyufa zinazopanda kama ngazi juu ya madirisha, na milango inayokwama. Uliza kama udongo mweusi ulichimbwa wote hadi kwenye mwamba kabla ya msingi, na udai picha za ujenzi.

Barabara nitaipitia upesi, kwa kuwa kila mtu huijua Mombasa Road. Expressway, ile barabara ya kulipia, ilipofunguliwa mwaka 2022, gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lililipa ada ya shilingi 360. Mwanzoni mwa 2024 ikawa 500. Kwa ada hiyo, kwenda na kurudi siku 22 ni shilingi 22,000 kwa mwezi, kabla ya mafuta. Ziingize kwenye hesabu ya mkopo wa nyumba. Treni kutoka stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa Novemba 2012, hupitia Imara Daima na Makadara hadi mjini. Inamfaa sana anayefanya kazi katikati ya jiji kwa saa za ofisi. Anayetoka kazini usiku asiitegemee.

Halafu karatasi. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, ikidaiwa kuwa ardhi ni ya uwanja wa ndege, na wenyewe walikuwa na hati mkononi. Kwa hiyo usiishie kwenye upekuzi wa hatimiliki. Lipa mpima ardhi wako mwenyewe alinganishe vigingi na ramani ya usajili. Kibali cha ujenzi kiwe cha kaunti ya Machakos, kwani huku si Nairobi, pamoja na idhini ya urefu wa jengo kutoka mamlaka ya usafiri wa anga. Uliza pia kampuni inayosimamia mtaa: kisima kimeandikwa kwa jina la nani, na ni nyumba ngapi zina deni la ada ya huduma? Nyumba nyingi zisipolipa, pampu ya kisima ikiharibika mtaa mzima hukauka.

Amana ya kawaida ni asilimia 10. Wakili wako aandike kwamba itashikwa na wakili wa muuzaji, na itarudi yote iwapo floridi itazidi 1.5 na muuzaji akakataa kufunga mtambo. Matokeo yakitoka maabara, nitumie namba zote mbili kabla hujatia sahihi.