Ami wa Langoni Ajibu: Mtazameni Anayeanguka

SWALI: Ami, shikamoo. Shemeji yangu amekuja na rekodi ya WrestleMania III, lile tamasha la mieleka la Marekani la mwaka 1987. Kesho asubuhi anapanda boti kwenda Mokowe arudi zake Mombasa, na anaondoka nayo, kwa hivyo tuna usiku mmoja tu, baada ya isha. Mapambano ni 12, na yote pamoja yanakula karibu saa tatu nzima. Vijana wanataka wapelekwe moja kwa moja kwa Hulk Hogan na André the Giant, kisha walale. Wewe ungetazama yapi na ungeruka yapi?
Mwenye nyumba, Mkomani

JIBU: Marahaba. Kwanza wafiche vijana rimoti. Wakianzia kwa Hogan na André wataona jitu limesimama katikati ya ulingo na mwenzake analizunguka, na kabla ya dakika ya tano mmoja atauliza kama hili ndilo pambano lililosifiwa dunia nzima. Lile linataka mtu aliyekwisha kukaa na kungoja, kama walivyongoja watu wa uwanja wa Silverdome kule Pontiac, Michigan, tarehe 29 Machi 1987.

Nami nina desturi yangu katika mieleka hii, na wasomaji wa zamani wanaijua: simtazami anayeshinda. Mshindi anaonwa na kila mtu. Namtazama anayeanguka, kwa maana huyo ndiye anayeamua kama sisi tutaamini au tutaondoka tukisonya. Kwa kipimo hicho, usiku wenu unaanzia kwa Randy Savage na Ricky Steamboat.

Waeleze vijana kisa kabla hawajaanza. Savage ndiye adui, na ndiye aliyekuwa na mkanda wa Intercontinental, ubingwa wa pili kwa ukubwa. Novemba 1986 alimponda Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni, ile ile inayogongwa pambano likianza, na kwa hadithi yao Steamboat alipotea miezi kwa ajili ya koo hilo. Basi siku hiyo wanakutana, na kengele ipo pale pale mezani. Pembeni kwa Steamboat amesimama George “The Animal” Steele, mtu wa manyoya mwilini na ulimi wa kijani, aliyekuwa akimpenda Elizabeth, meneja wa Savage. Kila kitu kinachohitajika kimekwisha kuwekwa machoni pa watu kabla ya mtu kurusha mkono.

Ni dakika 14 na sekunde 35. Savage alikuwa mtu wa kupanga: wawili wale waliandika pambano lote hatua kwa hatua kwenye madaftari, wakaulizana mmoja na mwenzake kama wanafunzi wanaongoja mtihani. Wengi wa siku zile waliingia na mwanzo na mwisho, katikati wakaelewana humo humo ulingoni. Kwa hivyo tazameni kasi yake. Savage anamtupa Steamboat juu ya kamba. Steamboat haziachii, ananing’inia, anajipindua miguu juu na kurudi ndani, na Savage anamgeukia kumtupa tena. Kila Steamboat akimbana Savage mabega chini, refa anahesabu moja, mbili, na Savage anachomoka. Mtazameni anavyochomoka! Si kwa mguu wa mtu aliyechoka kuigiza. Anarusha mwili wote, macho yamemtoka, kama mtu aliyegutuka usingizini nyumba ikiungua.

Kisha refa anaangushwa. Savage anapanda kamba ya juu na kuruka na kiwiko, pigo lake la kumaliza kazi, lakini hakuna wa kuhesabu. Anaiendea kengele. Steele anamnyang’anya, Savage anaichukua tena na kupanda nayo juu, na Steele anamsukuma akaporomoka. Savage, aliyekwisha kuanguka hivyo, bado anajaribu kumbeba Steamboat ambwage. Steamboat anajikunja, anamzoa, anamvingirisha mabega chini. Moja, mbili, tatu. Hakuna pigo kubwa la mwisho. Adui kashindwa kwa ujanja mdogo wa sekunde moja, baada ya ujanja wake wote mkubwa.

Mimi niliiona mara ya kwanza katika kibanda cha video huku Langoni, kwa jenereta, picha ikipanda na kushuka kwa uchakavu wa kanda. Mzee mmoja nahodha, aliyekuja kumtafuta mwanawe amrudishe nyumbani, alisimama mlangoni na bakora yake, na Steele alipomsukuma Savage alipiga sakafu kwa bakora mara tatu, pamoja na refa. Mwanawe hakuitwa tena.

Yanayobaki nitakwenda upesi. La kwanza, Rick Martel na Tom Zenk dhidi ya Bob Orton na Don Muraco, ni safi, litazameni mkisubiri wageni waketi. Billy Jack Haynes na Hercules, rukeni mpaka damu. Koko B. Ware na Butch Reed, nendeni mkachemshe chai. Iron Sheik na Nikolai Volkoff dhidi ya Killer Bees ni makelele tu, na linaisha Jim Duggan kuingia na kipande chake cha mbao. Jake Roberts kamleta mwanamuziki Alice Cooper, kashindwa na Honky Tonk Man aliyeshika kamba kwa hila, kisha chatu akarushwa juu ya meneja Jimmy Hart. Pambano ni la hivi hivi, chatu ni mzuri. Harley Race, aliyekuwa akiitwa mfalme, kamshinda Junkyard Dog, na sharti ni aliyeshindwa ainame mbele ya mfalme. Junkyard Dog akainama kweli, kisha akampiga mfalme kwa kiti na kuondoka na joho lake. Huko ndiko kushindwa.

Msiruke mambo mawili. Lile la watu sita lina Danny Davis, refa aliyegeuka mwanamieleka kwa kupendelea: mashabiki wanamchukia kiasi kwamba kila kofi linalompata ni sikukuu, na ndiye anayeibuka na ushindi baada ya kumpiga Davey Boy Smith kwa kipaza sauti cha Jimmy Hart. Na Roddy Piper na Adrian Adonis, pambano lililotangazwa kuwa la mwisho kwa Piper. Hapo pana uzi mtausoma vizuri mkiwa mmetazama na la kundi la Dream Team kabla yake: Brutus Beefcake anaachwa na wenzake, wanashinda wanaondoka bila yeye. Pambano moja baadaye Piper yuko chini, Adonis anadhani kamaliza, na anayekuja kumwamsha Piper ni Beefcake huyo huyo. Piper anamlaza Adonis kwa kabari, na Beefcake anamnyoa. Adonis anavyozinduka, anavyojitazama kwenye kioo nywele zimekwenda, ni kazi ya bingwa. Alifariki mwaka uliofuata katika ajali ya gari huko Newfoundland, Kanada.

Ndipo mwarudishie vijana rimoti.

SWALI: Ami, sisi ni watu wa Shela ya Malindi, si Shela yenu. Barazani ubishi umekuwa mkubwa. Mmoja anashikilia kwamba mpaka siku ya Hogan, André hakuwahi kuinuliwa wala kushindwa maishani mwake, na watangazaji walisema hivyo kwa vinywa vyao. Mwingine anasema huo ni uongo wa biashara. Atakayeshindwa anunue mahamri na mbaazi kwa baraza zima. Amua, na utaje ushahidi.
Watu wa baraza, Malindi

JIBU: Wa pili kashinda. Mbaazi ziwe na nazi ya kutosha.

Walitangaza kwamba André hajashindwa kwa miaka 15. Lakini mwaka 1984 Canek alimshinda Mexico, na 1986 Antonio Inoki alimshinda Japan. Na kuinuliwa, kainuliwa na zaidi ya mmoja, akiwemo Hogan mwenyewe, Agosti 1980, uwanja wa Shea Stadium, New York. Jambo tamu ni kwamba siku hiyo ya 1980 Hogan ndiye aliyekuwa adui na André ndiye stelingi, na aliyeshinda ni André. Miaka saba baadaye wamebadilishana majoho. Wenye biashara walijua kwamba mtazamaji wa Marekani wakati huo hakuwa na njia rahisi ya kujua yaliyotokea Mexico au Japan.

Lakini huyo wa kwanza msimcheke sana, kwa sababu siku ya Pontiac kuna kitu kilikuwa kigumu kuliko 1980. André alikuwa na umri wa miaka 40, na mwaka 1986 alikuwa amepasuliwa mgongo. Ugonjwa wake ulikuwa wa kichocheo cha ukuaji: mwili haukomi kunenepesha mifupa, na viungo vinalipa. Ile fulana nyeusi ya kamba moja begani ilificha mkanda wa kushikilia mgongo. Mtazameni kwa jicho hilo. Dakika ya kwanza tu Hogan anajaribu kumbeba, anashindwa, na André anamwangukia juu. Refa anahesabu mbili, na watu wakabaki wakibishana kwamba ilikuwa tatu. Kisha André anamkumbatia na kumbana mbavu kwa muda mrefu mno. Vijana watapiga miayo hapo, na haki yao. Mimi naona mzee anapumzisha mgongo mbele ya umati mkubwa kupita yote aliyowahi kusimama mbele yake, na hakuna anayejua.

Pambano zima ni dakika 12 na sekunde moja. Hogan anambeba, anambwaga, anamrukia kwa mguu, kwisha. Mtu wa ukubwa ule habebeki kama hataki. Alikubali, kwa mgongo ule, ili mwenzake awe mkubwa zaidi. Meneja wake Bobby Heenan ameshika kichwa, naye André anaondolewa kwa kile kigari cha ulingo mdogo walichokuwa wakisafirishia watu kwa sababu njia ilikuwa ndefu, huku umati ukimtupia takataka. André alifariki Januari 1993 mjini Paris, alikokuwa amekwenda kumzika babake.

SWALI: Ni kweli walikuwa watu 93,173?
Mpenda hesabu, Mkunguni

JIBU: Ndiyo idadi waliyotangaza, na wameishikilia mpaka leo. Mwandishi wa habari za mieleka Dave Meltzer amesema ni kama 78,000. Ukitazama picha utaona watu hadi kwenye dari, na ukishavuka 70,000 mimi binafsi sina ugomvi na mtu.

SWALI: Ami, nakuuliza kwa uchungu. Mwanangu wa miaka tisa amemrukia mdogo wake kwa kiwiko kutoka juu ya kitanda, mdogo kavimba bega. Babake anacheka, ati haya ni maigizo hakuna anayeumia. Ni maigizo au si maigizo?
Mama wa wawili, Matondoni

JIBU: Pole sana, mama, na mdogo apate nafuu. Babake kasema nusu ya maneno, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyovimbisha bega.

Nani atashinda hupangwa. Hilo halina ubishi tena. Lakini wewe ni mtu wa Lamu, umeona kirumbizi Maulidini. Wale wawili wenye fimbo hawakuja kuuana, ngoma inawaongoza na kila mmoja anajua mwenzake atapiga wapi. Na bado asiyejua kucheza akiingia pale katikati hutoka na kidole kilichovunjika. Ulingo nao ni mbao juu ya vyuma, godoro jembamba, na turubai juu. Mtu anaangukia hapo, si kitandani. Wanajifunza kuanguka kabla ya kujifunza kupiga: kidevu kifuani, mgongo wote ushuke kwa pamoja, mikono ipige chini. Na pamoja na ujuzi huo, Hogan alipasuliwa mgongo mara nyingi baadaye. Muulize babake kama mdogo amefundishwa kuanguka.

Kama rekodi hiyo ya WrestleMania III itafika kwenu, kuna pambano moja nisingelionyesha mtoto, la King Kong Bundy. Upande wake na upande wa Hillbilly Jim walikuwa na wenzao wafupi wa kimo, na watu walikuwa wakicheka vizuri tu mpaka Bundy, mtu aliyetangazwa kuwa na ratili zaidi ya 450, akamshika Little Beaver, akambwaga na kumlalia kwa kiwiko. Refa akamtoa Bundy kwa kosa. Hata watangazaji, Gorilla Monsoon na Jesse Ventura, ambao kazi yao ilikuwa kubishana bila upole, walikubaliana kwamba limevuka mpaka. Mwanao ataona hapo mkubwa akimrukia mdogo, na somo hilo tayari analo.

Kwa sasa mtoeni godoro chini sakafuni na mpigeni marufuku kupanda kitu chochote kirefu kuliko goti lake. Na babake alale na mdogo leo, amkande bega.

SWALI: Ami, nimetazama kwa jirani na nimempenda Savage ingawa ni adui. Je, aliwahi kuupata mkanda mkubwa?
Kijana wa Faza

JIBU: Aliupata, tarehe 27 Machi 1988, Atlantic City, katika WrestleMania IV, na safari hiyo yeye ndiye alikuwa stelingi. Alipigana mara nne usiku mmoja: Butch Reed, Greg Valentine, One Man Gang, na fainali na tajiri Ted DiBiase. André alikuwa kando ya ulingo upande wa DiBiase, akimkamata Savage miguu kila akipita karibu, mpaka Elizabeth akatoka mbio kwenda nyuma na kurudi na Hogan. Refa alipokuwa akigombana na André, Hogan akampiga DiBiase kwa kiti mgongoni, na Savage akapanda kamba.