Waya wa volti kubwa: achana na milimita, soma plastiki

Vijana wa hapa Malindi wanaocheza na koili za gari na flaibaki (zile transfoma za volti kubwa) za TV wakinijia kuuliza waya, swali huwa lilelile, "nichukue wa milimita ngapi?" Jamani, milimita, yaani unene wa kopa, ni habari ya ampia, na cheche za flaibaki ampia zake ni kidogo sana, hata kopa nyembamba inatosha, kazi ya kuzuia volti inafanywa na ile plastiki ya juu.

Sasa chukua waya wa kawaida wa nyumba uusome ubavuni, utakuta 450/750V. Wewe unataka kupitisha volti 15,000. Huenda usipasuke siku ya kwanza na hapo ndo watu hudanganyika, wanasema mbona wangu unafanya, kumbe plastiki inaliwa polepole mpaka siku cheche itokee ubavuni ikutafute wewe. Na ile tepu nyeusi ya mafundi nyingi ni za 600V, hata uizungushe kama kilemba cha bwana harusi haikusaidii hapo.

Kwa pesa ndogo mimi hupeleka watu duka la spea za pikipiki na tuktuk, waulize waya wa plagi, ule mnene unaotoka kwa koili. Chukua mpya, wa kukatiwa, sio uliovuliwa kwa injini kwa sababu joto na ozoni, ile hewa kali inayotokana na cheche, zishaukausha, ukiukunja utaona nyufa. Ila ujue ule umezoea mipigo mifupi mifupi, ukiuwekea volti isiyokatika usiubane kwa chuma na usiulaze juu ya waya mwengine. Ule waya mwekundu wa flaibaki wenyewe pia mzuri sana, maana TV za zamani za rangi zilikuwa zinapeleka volti kama 25,000 kwa kioo, shida ni mfupi. Ukiwa na mtu wa kukuletea kutoka Mombasa au nje agiza waya wa silikoni ulioandikwa kV zake (kV moja ni volti 1,000), ni laini, haukauki, huo ndo ninaoupenda.

Kuna na ujanja wa kebo ya antena. RG-213 ukiivua ganda na ule wavu wa nje unabaki na plastiki nyeupe imara ya kama milimita 2 na nusu kuzunguka kopa, kitu safi. Lakini kebo ya dishi, RG-6, wacha, plastiki yake ina povu na volti kubwa hupenda sana vile vishimo vya hewa.

Halafu sisi wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Waya unaweza kuwa mzuri na cheche ikatambaa juu yake kutoka ncha hii mpaka ile, kwa sababu upepo wa bahari umeacha utando pale na usiku unyevu unaulowesha. Wenzetu wa Lamu mnaofanya kazi karibu na maji mnanielewa. Mimi hufuta waya kwa spiriti kabla ya kuwasha, na kati ya ncha naacha sentimita 4 au 5 kwa kila volti 10,000, kipindi cha kusi naongeza. Ubao sitii chini, mbao za huku hunywa unyevu, naweka kioo au plastiki. Halafu zima taa utazame: ukiona mwanga wa buluu unavuja kwa waya au ukisikia ile harufu kali ya ozoni, zima, waya huo haufai hapo.

Na hata uwe na waya wa kV 40, huo si wa kushikwa wakati moto unapita, bwana.

Kuna wanaoniuliza ya transfoma ya maikrowevu. Ile ni kama volti 2,000 tu lakini ampia zake zinaua mara moja, na kapasita yake hubaki na moto hata ukishachomoa. Waya wake sikuchagulii.